SOMO LA SIMU: Kumfundisha Ndugu Yetu Mwenye Ulemavu wa Akili

Leo tutajifunza habari za simu. Utasema, "Simu? Simu naijua, nalala nayo chini ya mto." Ni kweli. Lakini hebu tazama nyumbani kwako, au kwa jirani. Je, hakuna kijana ambaye akishika simu huambiwa, "Weka chini, utaiharibu"? Je, hakuna binti mkubwa ambaye hajapata kupiga simu hata siku moja, kwa sababu watu wamekwisha kata shauri kwamba hawezi?

Tunasema juu ya ndugu zetu wenye ulemavu wa akili. Wengi wao wanaweza kujifunza simu. Wanajifunza pole pole, tena kwa njia yake. Somo hili linaeleza njia hiyo. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kuwa mwalimu wao. Unahitaji simu, daftari, kalamu na subira.

1. ULEMAVU WA AKILI NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Ulemavu wa akili si wazimu. Mgonjwa wa akili ni mtu aliyeugua, na ugonjwa wake una matibabu hospitalini. Ulemavu wa akili ni hali ambayo mtu huwa nayo tangu kuzaliwa au tangu utotoni. Ubongo wake umekua kwa namna ambayo kujifunza, kukumbuka na kuamua mambo kunamchukua muda mrefu kuliko wengine. Hali hii haiondolewi kwa dawa. Lakini haizuii mtu kujifunza.

Sababu zake ni nyingi. Wengine wanazaliwa na hali inayoitwa Down. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe mna nyuzi za urithi, jina lake kromosomu. Watu wengi wana kromosomu 46. Mwenye hali ya Down kwa kawaida ana 47, maana ile ya namba 21 imezidi moja. Jambo hili lilitangazwa mwaka 1959 na daktari Mfaransa, Jérôme Lejeune, pamoja na wenzake.

Wengine walikosa hewa wakati mama alipopata uzazi mgumu. Wengine waliugua malaria ikapanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Wengine mama zao walikosa madini joto wakati wa mimba. Ndiyo maana tunahimizwa kutumia chumvi yenye madini joto. Katika sababu zote hizo, uchawi haumo. Laana haimo. Wala mama hana kosa.

Wako pia wenye usonji na wenye mtindio wa ubongo. Baadhi yao akili zao hazina upungufu wowote, ila kuzungumza au kutumia mikono kunawapa shida. Nao njia hii ya kufundisha inaweza kuwafaa.

2. KWA NINI TUWAFUNDISHE SIMU?

Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa habari za pamba. Mvuvi alijifunza kwa habari za samaki. Shabaha ilikuwa kwamba mtu ajifunze kile atakachokitumia kesho asubuhi.

Basi, siku hizi mtu anatumia nini kesho asubuhi? Anatumia simu. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, pesa nyingi za vijijini zinapita kwenye simu. Mtu akiugua, tunapiga simu. Gari likiharibika njiani, tunapiga simu. Asiyejua simu anabaki nyuma, kama vile zamani alivyobaki nyuma asiyejua kusoma barua yake mwenyewe.

Tena hili ni jambo la haki. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba huo unataja wazi kwamba watu wenye ulemavu wafikiwe na habari na mawasiliano sawa na wengine.

3. MAZUNGUMZO: MAMA NA MWALIMU WA KISOMO

Someni mazungumzo haya kwa sauti, watu wawili wawili. Ni mfano wa kujifunzia.

MAMA: Hodi mwalimu. Shikamoo.

MWALIMU: Marahaba mama, karibu. Habari za nyumbani?

MAMA: Nzuri, ila nina neno. Kijana wangu ana miaka ishirini na mbili sasa. Nimemfundisha simu wiki nzima, hajashika kitu. Jana nikamwambia baba yake, basi tena, tumwache.

MWALIMU: Pole mama. Ulimfundishaje?

MAMA: Nilimwambia, "Fungua simu, tafuta jina langu, bonyeza kijani, ukinisikia, ongea." Sasa hapo kuna ugumu gani?

MWALIMU: Ugumu upo. Umemtwika mambo manne kwa mpigo. Haya, na akikwama unafanyaje?

MAMA: Nachukua simu, namwonyesha.

MWALIMU: Unangoja muda gani kabla ya kuichukua?

MAMA: (Anacheka.) Muda gani! Si hapo hapo tu.

MWALIMU: Ndiyo kusema yeye bado anafikiri, wewe umekwisha maliza. Leo akikwama, kaa kimya. Hesabu kimoyomoyo moja mpaka kumi. Mara nyingi utaona kidole kinakwenda chenyewe.

MAMA: Sawa. Lakini mwalimu, nikwambie kweli. Ninaogopa. Matapeli wamejaa. Bila simu, hakuna wa kumtapeli.

MWALIMU: Bila simu, hakuna wa kumsaidia pia. Leo wewe ndiye simu yake, wewe ndiye mkoba wake, wewe ndiye mdomo wake. Siku ukilazwa hospitali, je?

MAMA: (Kimya kidogo.) Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

MWALIMU: Basi tuanze na jambo moja tu. Ajue kukupigia wewe.

4. NJIA YA KUFUNDISHA

(a) Chagua jambo moja. Usifundishe "simu" yote. Chagua kazi moja ambayo yeye mwenyewe anaitaka au inamfaa. Mwingine anataka kusikiliza nyimbo. Anza na nyimbo, kwa kuwa mtu hujifunza upesi kile anachokipenda. Kwa mfano wetu, kazi ni kumpigia mama.

(b) Tayarisha simu. Simu nyingi za kitochi zinakubali kuwekewa namba ya haraka. Ukibonyeza namba 2 na kuishikilia, simu inampigia yule uliyemweka hapo. Gundisha kipande kidogo cha karatasi ya rangi pembeni ya namba 2. Kama ni simu ya tachi, weka picha ya mama kwenye uso wa simu, akiigusa, inapiga. Ondoa vitu vingine visivyo na kazi, visimchanganye.

(c) Gawa kazi vipande vidogo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Kazi ya kumpigia mama tunaweza kuigawa hivi:

Hatua ya 1: Toa simu mfukoni.
Hatua ya 2: Fungua kufuli la vitufe.
Hatua ya 3: Bonyeza namba 2, ushikilie, hesabu mpaka tatu.
Hatua ya 4: Weka simu sikioni.
Hatua ya 5: Ngoja mpaka usikie sauti ya mama.
Hatua ya 6: Sema jina lako na mahali ulipo.
Hatua ya 7: Mkimaliza, bonyeza kitufe chekundu.

Kabla ya kufundisha, fanya mwenyewe pole pole ukiandika kila unachofanya. Utashangaa kuona hatua ulizokuwa huzioni. Kama hajui kusoma, chora picha ya kila hatua kwenye kadi moja.

(d) Anza na hatua ya mwisho. Hili watu wengi hawalijui. Siku za kwanza, fanyeni pamoja hatua ya 1 mpaka ya 6, kisha mwachie yeye hatua ya 7 peke yake. Akiiweza, mwachie ya 6 na ya 7. Halafu ya 5, ya 6 na ya 7. Hivyo hivyo mpaka mfike mwanzo. Faida yake ni nini? Kila siku anamaliza kazi kwa mkono wake mwenyewe. Ukianza na hatua ya kwanza, kila siku yeye anaanza na wewe unamaliza, naye anabaki na wazo kwamba hawezi.

(e) Punguza msaada kidogo kidogo. Msaada una ngazi nne. Ngazi ya kwanza ni mkono: unaushika mkono wake, naye awe amekubali kushikwa. Ya pili ni kidole: unaonyesha tu mahali pa kubonyeza. Ya tatu ni neno: unasema, "Sasa?" Ya nne ni kimya: anafanya peke yake. Kila akiweza, shuka ngazi moja. Mtu akisaidiwa siku zote kwa mkono, atangoja mkono siku zote.

(f) Tumia maneno yale yale. Leo usiseme "bonyeza", kesho "minya", keshokutwa "gusa". Kwako ni jambo moja. Kwake ni mambo matatu. Waambie na watu wengine wa nyumbani watumie neno hilo hilo.

(g) Muda mfupi, kila siku. Dakika kumi kila siku zinafaa kuliko saa mbili Jumapili. Akichoka, acheni. Msiache katikati ya kosa, maliza kwa kile anachokiweza.

(h) Msifu kwa jambo alilofanya. Usiseme tu "vizuri". Sema, "Umengoja mpaka ukanisikia. Vizuri sana." Akikosea, usiseme "Si nilikwambia?" Rudi hatua moja nyuma, mfanye pamoja tena.

(i) Badilisha mahali. Anayejua kupiga simu jikoni huenda asijue gulioni, penye kelele na watu. Kwa hiyo mkishafaulu nyumbani, fanyeni shambani, dukani, na kituo cha basi. Kuhusu hatua ya 6, kama hajui jina la mahali, mfundishe kusema anachokiona: "Naona mashine ya kusaga. Naona msikiti." Hayo yanatosha kumpata mtu aliyepotea.

5. KALAMU YAKO INA KAZI

Katika daftari chora jedwali. Andika hatua saba kushuka chini, na siku saba kwenda kulia. Kila siku, mbele ya kila hatua, andika herufi moja. Andika M kama alisaidiwa kwa mkono, K kama ni kwa kidole, N kama ni kwa neno, na P kama alifanya peke yake. Hatua ikipata P siku tatu mfululizo, ongezeni hatua nyingine.

Jedwali linasaidia kuliko kumbukumbu. Mzazi aliyechoka husema, "Hakuna anachojua." Akifungua daftari anaona kwamba hatua ya 7 ilikuwa M, ikawa K, sasa ni P. Na kama hatua moja imebaki M majuma mawili, kosa huenda liko kwenye hatua yenyewe. Igawe tena iwe mbili.

6. PESA NA MATAPELI

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoogopa, na wana haki ya kuogopa. Sote tumepata ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Watu wazima wenye akili timamu wametuma.

Lakini angalieni jambo moja. Mtu mwenye ulemavu wa akili mara nyingi amelelewa kutii kila mtu. Njoo, anakuja. Kaa, anakaa. Toa, anatoa. Tunamsifu kwamba ana adabu. Tapeli naye anaitafuta adabu hiyo hiyo. Kwa hiyo somo la simu ni lazima liwe na somo la kusema "Hapana", hata kwa mtu mzima, hata kwa mtu mwenye sauti kubwa.

Mfundishe kanuni nne tu, kwa maneno mafupi:

Kwanza: Namba ya siri haisemwi.
Pili: Pesa ikitajwa, nakata simu, naipeleka nyumbani.
Tatu: Mtu nisiyemjua simpi simu yangu.
Nne: Sipigi wala situmi picha ya mwili bila nguo. Anayeniomba, namsema nyumbani.

Kanuni hazishiki kwa kusemwa tu. Zinashika kwa kuigiza. Shangazi aende nyuma ya nyumba, apige simu ajifanye tapeli: "Umeshinda zawadi, nitajie namba ya siri." Kijana akate simu, alete nyumbani. Mwambieni kabla kwamba ni mchezo wa kujifunza, msimdanganye na kumcheka. Rudieni kwa sauti tofauti: mwanamume, mwanamke, mtu mkali, mtu mpole.

Mfundishe pia kwamba mtu anayesema "usimwambie mama" ni mtu wa hatari. Hili ni muhimu zaidi kwa mabinti, maana wako wanaotumia simu kuwavuta mahali pa siri. Na akija kukueleza, msikilize. Ukimkaripia, safari nyingine ataficha.

Je, awe na akaunti ya pesa? Anayefuga kuku na kuuza mayai anastahili kushika pesa zake. Anzeni na kiasi kidogo, ambacho kikipotea nyumba haitalala njaa. Aandamane na mtu kwa wakala mpaka ajue hatua zote. Nazo zigawanywe kama tulivyofanya juu. Kama hawezi kukumbuka namba ya siri, achague yeye mwenyewe mtu mmoja wa kumsaidia. Kila pesa inayoingia na kutoka iandikwe kwenye daftari, na mtu wa pili wa nyumbani alisome kila mwezi. Tunasema hivi kwa sababu mwizi wa pesa za mlemavu si lazima atoke mbali. Anaweza kuwa anakula naye sahani moja.

7. ANGALIENI LAINI

Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, NIDA. Wako mawakala wasio waaminifu ambao husema, "Weka kidole tena, haijakubali," kumbe wanasajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kwa utapeli, polisi wanakuja kwako. Mtu mwenye ulemavu wa akili ataweka kidole mara kumi akiambiwa, na akiulizwa na polisi hataweza kujieleza.

Kwa hiyo asiende peke yake kusajili laini. Baada ya kusajili, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chake. Ukiona laini msiyoijua, nendeni kwa kampuni ya simu hiyo mkaifute. Taarifa za namba za matapeli hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040. Wizi wenyewe upelekeni polisi, maana tangu mwaka 2015 iko Sheria ya Makosa ya Mtandao.

8. NENO LA KUMALIZIA SOMO

Ndugu msomaji, wako watakaofika hatua ya 7 kwa majuma mawili, na wako watakaochukua mwaka. Wako ambao hawatafika, lakini watajua kugusa picha ya mama na kusikia sauti yake. Hata hilo ni jambo kubwa. Usilinganishe mtu na jirani. Mlinganishe na jedwali lake mwenyewe la mwezi uliopita.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili vinatofautianaje?
2. Kwa nini tunaanza kufundisha hatua ya mwisho?
3. Mama alikosea wapi siku za kwanza? Wewe ungefanyaje?
4. Katika kijiji chenu wako watu wangapi wenye ulemavu wa akili wasiojua kupiga simu? Nani atawafundisha?
5. Ni nani anayeshika pesa zao? Zinaandikwa mahali popote?

ZOEZI LA NYUMBANI

Chagua kazi moja ya simu: kuchaji, kuweka vocha, au kupokea simu. Igawe katika hatua zisizopungua tano na uziandike katika daftari. Mpe mwenzako azifuate kama zilivyoandikwa, bila kuongeza lake. Akikwama, hatua yako moja imepungua. Itafute, uiandike, ndipo uanze kufundisha.